Simu inapoifuata homa hadi mlangoni

Masika ya mwaka jana jirani yangu, kijijini kwetu Pemba, alirudi kutoka Tanga alikokwenda kuzika. Siku ya nane homa ikamlaza. Akapimwa kituoni, kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili, yaani vimelea vimo, akapewa dawa ya mseto na kurudi zake kulala. Kesho yake asubuhi alifika kijana wa pikipiki, kishikwambi mkononi. Mwenye nyumba alikuwa ndani anatetemeka, mkewe yuko jikoni. Kijana akawauliza watoto waliokuwa wakicheza nje, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Hapa ndipo kwa fulani mwenye malaria?" Akalitaja jina lote, na la baba yake. Adhuhuri haijaingia, kijiji kizima kishajua, na wapo waliokuwa wakisema kuwa huyu ndiye aliyetuletea maradhi kutoka Bara.

Kisa hiki kimenikaa moyoni, kwa sababu kazi aliyokuja kuifanya yule kijana naiunga mkono kwa dhati. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya kupiga dawa ya mbu ya DDT majumbani hapa Zanzibar, iliyoanza 1957. Malaria ilishuka mno. Kampeni ikasimamishwa 1968, na maradhi yakarudi kwa nguvu. Safari hii tumefika mbali zaidi: dawa ya mseto kuanzia 2003, kisha vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa ndani ya nyumba kuanzia 2006, mpaka uchunguzi wa watu majumbani ukakuta wenye vimelea ni chini ya asilimia 1. Hapo ndipo simu ilipoingia. Tangu 2008 vituo vya afya vilianza kutuma idadi ya wagonjwa kwa simu za kawaida za mkononi, na kuanzia 2012 maafisa wa wilaya wakapewa vishikwambi ili wamfuate mgonjwa mmoja mmoja hadi kwake, wapime waliomo nyumbani na kuandika nyumba iko wapi.

Maana yake ni rahisi kuielewa. Wagonjwa wakiwa wengi, unapiga dawa kila nyumba. Wakibaki wachache, lazima umjue kila mmoja, alilala wapi na nani alilala karibu naye. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 malaria ilipanda tena visiwani, na bila ya habari hizi za simu tungeligundua hilo tumeshachelewa.

Nilikuwepo nyumba ile walipopimwa. Kijana alikaa mkekani, akavaa glavu, akachoma vidole kimoja kimoja, akidondosha tone la damu kwenye kibao cheupe cha plastiki kisha matone ya maji ya dawa. Robo saa ya kungoja. Binti mdogo wa nyumba, ambaye asubuhi hiyo alikuwa akiruka kamba, hana homa wala kichwa hakimuumi, kibao chake kilitoa mistari miwili.

Ukipiga hesabu unaona jambo ambalo watu wa barazani hawakuliona. Mbu akinyonya damu yenye vimelea, huhitaji kama siku kumi au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine, na aliyeambukizwa naye hupita wiki nzima au zaidi kabla vimelea havijaonekana kwenye damu. Baba alikuwa na siku nane tu tangu arudi. Mtoto hakuyapata kwake; ugonjwa ule ulikuwemo kijijini kabla ya jahazi kutia nanga, na huenda hata baba mwenyewe aliupata hapahapa. Ziara ile ilimtoa jirani yangu lawamani. Lakini swali lililoulizwa nje lilikuwa limeshamhukumu, na jibu la ndani hakuna aliyelitangaza kwa sauti ile.

Wanaopinga ufuatiliaji huu siwaoni kuwa wajinga. Wanazungumza juu ya sitara, nasi tumelelewa kusitiriana. Mwanamke aliye peke yake nyumbani hana raha kumkaribisha kijana asiyemjua, kisha aulizwe nani analala chumba kipi na chini ya chandarua gani. Wana hoja nyengine ambayo nadhani ni nzito zaidi: kile kibao hakioni kila kitu. Vimelea vikiwa vichache sana kwenye damu, kipimo cha kidole huvikosa, na watu wa namna hiyo tunao. Kwa hivyo mtu anatoa siri ya nyumba yake na bado hana uhakika kamili. Kwangu hilo ni sababu ya kutafuta kipimo kizuri zaidi, maana yule binti kilimwona.

Kuna na suala la taarifa zenyewe, majina na mahali nyumba ilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa na Bunge 2022 huku kwetu Zanzibar inahusu mambo ya Muungano tu, na afya si jambo la Muungano. Ningependa Baraza la Wawakilishi liseme bayana taarifa ya mgonjwa wa malaria ikae muda gani, na nani haruhusiwi kuifungua.

Ila sheria haitamfundisha mtu kupiga hodi. Nambari ya simu ya mgonjwa huandikwa kituoni. Apigiwe kwanza, aulizwe afisa aje saa ngapi, na kama mume hayupo basi afisa afuatane na mwanamke wa kujitolea wa shehia. Neno malaria litajwe mlango ukishafungwa. Hayo hayagharimu hata shilingi zaidi ya salio la simu, nami nayaona ni sehemu ya tiba kama vidonge vyenyewe.

Miezi miwili baadaye shemeji wa yule jirani alishikwa na homa usiku. Kituo kipo mwendo wa robo saa kwa miguu. Kulipokucha alimtuma mtoto duka la dawa, akameza alicholetewa bila kupimwa, akajifunika kanga na kulala. Hakuna simu yoyote iliyopata habari zake.