Korosho Zikibanguliwa Newala Ndipo Nitaamini Afrika Imeamka

Kila baada ya miaka kadhaa bara letu hutangaziwa mwamko mpya. Mwaka 2001 ulikuwa mpango wa NEPAD, yaani Ushirikiano Mpya kwa Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2003 wakuu wa nchi walikutana Maputo wakaahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Mwaka 2014 wakakutana Malabo wakairudia ahadi ileile, maana nchi nyingi zilikuwa hazijaitimiza. Leo tuna Agenda 2063, dira ya maendeleo ya Umoja wa Afrika, na tuna Eneo Huru la Biashara Afrika ambalo biashara yake ilianza rasmi Januari 2021. Siyabezi hata moja kati ya hayo. Lakini mimi ni mtu wa Kusini mwa Tanzania, na maneno makubwa ya namna hii nayapima kwa korosho.

Msimu wa 2024/25 Tanzania ilivuna zaidi ya tani laki tano za korosho, kiasi ambacho hatukuwa tumewahi kukifikia. Ni kazi ya watu wa Tandahimba, Newala, Masasi, Liwale, Ruangwa, Tunduru, watu waliopalilia na kupulizia dawa ya salfa kwa mikono yao. Kisha sehemu kubwa mno ya mzigo huo ikapimwa kwenye maghala, ikapigwa mnada, ikapakiwa kwenye meli ikiwa ghafi, na kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Katika kila kilo 100 za korosho ghafi hupatikana karibu kilo 20 hadi 25 za korosho ya kuliwa. Zinazobaki ni maganda. Tunalipa nauli ya kuvusha maganda Bahari ya Hindi, na pamoja na maganda tunavusha ajira.

Wapo wanaosema tatizo letu ni kutojaribu. Hao hawaijui historia ya Mtwara. Tulijaribu, tena kwa gharama kubwa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikopa fedha, zikiwemo za Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua korosho kuanzia Dar es Salaam na Kibaha hadi Lindi, Masasi, Newala na Tunduru, kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Msimu wa 1973/74 tulikuwa tumevuna karibu tani 145,000, kwa hiyo hesabu ilionekana nzuri. Ila viwanda vilipokamilika, korosho zilikuwa zimeadimika. Operesheni ya vijiji vya Ujamaa iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, mashamba yakawa vichaka, bei ya mkulima ikawa ndogo, na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ukashambulia maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo ikanyamaza. Baadaye vingi kati ya viwanda hivyo vilibinafsishwa, na vingine vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Kilichoiokoa mikorosho ni kazi ya nyumbani. Watafiti wa kituo cha Naliendele, hapo hapo Mtwara, walionyesha jinsi salfa inavyoudhibiti ubwiriunga, wakazalisha mbegu bora, na wakulima wakarudi mashambani. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tukizungumzia kuinuka kwa Afrika huwa tunaangalia wageni waje na nini. Hapa palikuwa na taasisi ya umma, wataalamu wetu, ugonjwa wetu na zao letu, na matokeo yake yanahesabika kwa tani.

Kuna jambo la utamaduni ambalo wachumi hulipita haraka. Kubangua ni ujuzi wa kina mama wa Kusini tangu zamani. Korosho hukaangwa kwenye debe au karai lililotobolewa, juu ya moto mkali, mpaka mafuta ya ganda yatoke na kuwaka yenyewe. Huzimwa kwa mchanga, kisha mama hukaa chini na kugonga moja moja. Mafuta yale yanababua. Ndiyo maana mikono hupakwa majivu, na bado vidole vya mbanguaji hugeuka vyeusi na ngozi ikachubuka. Kugonga kwenyewe kunataka kipimo. Ukizidisha nguvu unapata vipande, na bei ya vipande haifiki ile ya korosho nzima. Mama yangu mkubwa alikuwa akisikia tunagonga kwa pupa anatunyang'anya jiwe bila kusema neno.

Ile mitambo ya kigeni ya miaka ya 1970 ilisifika kwa kuvunja korosho. Wakati huohuo viwanda vya Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, vilikuwa vikishika soko la dunia kwa mikono ya wanawake, ujuzi uleule wa mama yangu mkubwa, ila wenzetu waliuheshimu wakaujengea kiwanda. Vietnam nayo, nchi iliyotoka vitani mwaka 1975, ilichukua njia yake. Mafundi wake walibuni mashine zao wenyewe, wakaziboresha mwaka hadi mwaka, na tangu katikati ya miaka ya 2000 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kuuza korosho zilizobanguliwa. Malighafi yake kwa sehemu kubwa inatoka Afrika. Sisi ujuzi wa kubangua tuliuita shughuli ya maskini wa kando ya barabara, tukaagiza mashine. Hadi leo, kijana wa Mtwara anayechomelea mageti hajawahi kuitwa na mtu na kuambiwa: mashine ya kubangulia hii hapa, ifungue, itazame, tutengenezee iliyo bora kuliko hii.

Nije kwenye siasa, maana huko ndiko ninakoumia zaidi.

Sheria ya korosho ilikuwa na kipengele kizuri. Anayesafirisha korosho ghafi alilipa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kipi ni kikubwa, na asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, utafiti, kuendeleza ubanguaji. Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu, wakashindwa. Miezi michache baadaye minada ikatoa bei ambazo wakulima walizikataa. Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kusomba. Bei ile ilishangiliwa, na mimi naelewa kwa nini. Lakini wanunuzi waliondoka, malipo yakachelewa kwa sababu ya uhakiki, korosho zikakaa maghalani, na watu waliokuwa na shida ya ada wakauza kwa kangomba, walanguzi wanaonunua nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa. Misimu iliyofuata mavuno yakashuka. Tangu 2021 serikali imerudisha pembejeo za ruzuku, na hiyo ni sababu mojawapo ya rekodi tunayojivunia sasa.

Ninachokiona katika mfululizo huo ni kwamba mkulima hakuwa mezani hata mara moja. Hakuulizwa ushuru ulipohamishwa, hakuulizwa jeshi lilipokuja. Hata uamuzi unaomfaa anausikia redioni. Mti wa korosho unataka miaka kadhaa kabla haujazaa vizuri, na kiwanda kinataka miaka mingi kabla hakijarudisha mtaji. Nani ataweka fedha zake mahali ambapo sheria inaweza kugeuka kati ya bajeti na mavuno?

Ugumu wa kubangua nyumbani uko zaidi kwenye fedha kuliko kwenye mashine. Mavuno yanakuja Oktoba hadi Januari. Mwenye kiwanda Newala anatakiwa anunue ndani ya miezi hiyo korosho za kumtosha mwaka mzima, kwa fedha taslimu, kwenye mnada uleule anaoshindana na mnunuzi mkubwa wa nje mwenye mkopo wa riba nafuu. India inatoza ushuru mkubwa korosho iliyobanguliwa ikiingia kwake, na ushuru mdogo sana korosho ghafi. Maana yake iko wazi: leteni mali, kazi tutafanya sisi. Hawana kosa, wanalinda watu wao. Côte d'Ivoire, ambayo imeshavuka tani milioni moja, imeamua kulinda wa kwake pia, inawapa wabanguaji wa ndani ruzuku kwa kila kilo iliyobanguliwa, na viwanda vinaongezeka. Ni Waafrika wenzetu, wana jua kama letu na mikorosho kama yetu.

Kwa hiyo nasema nini? Eneo la viwanda vya korosho lililotengwa Maranje, mkoani Mtwara, nalifurahia, lakini kuta na umeme havitoshi. Viwanda vya kwanza viwe vya vyama vya ushirika, kwa sababu vyama vikuu vya Kusini, TANECU, MAMCU na RUNALI, tayari vinakusanya mzigo na vina maghala. Mkulima mwenye hisa kwenye kiwanda hatakimbilia kangomba, na wala hatanyamaza sheria ikichezewa. Kabla ya mnada, sehemu ya mzigo ibaki kwa wabanguaji wa ndani kwa bei ya haki inayojulikana mapema. Benki ya Maendeleo ya Kilimo itoe mkopo wa msimu wenye riba inayovumilika. Na yale mabibo tunayoyaacha yaoze chini ya miti, ambayo bibi zetu waliyakausha wakapata kochoko na kuyakamua wakapata uraka, yaingie kwenye hesabu ya kiwanda tangu siku ya kwanza.

Ushuru wa korosho ghafi uelekezwe kwenye zao, kwa sheria itakayodumu angalau miaka 15, na isibadilishwe bila wawakilishi wa wakulima kusikilizwa bungeni. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila Aprili hadi Juni. Vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, vina mikutano mikuu kabla ya hapo, na kila AMCOS inaweza kuliandika dai hili, kulipigia kura na kumkabidhi mbunge wake likiwa na mhuri. Ningependa tuanze na mkutano ujao.