Kabla hujafungua mdomo: kliniki za meno huku na nyumbani

Desemba ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa Uingereza hujaa swali lile lile: nikifika Dar nitengeneze meno wapi? Swali lina msingi. Huku England kumpata daktari wa meno wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, anayepokea wagonjwa wapya ni kazi kweli kweli. Februari 2024 kliniki moja ilipofunguliwa St Pauls, Bristol, foleni ilikuwa ndefu mpaka polisi wakafika kuituliza. Na ukimpata, bei zilizoanza Aprili 2025 zilikuwa pauni 75.30 kuziba, kung'oa au kutibu mzizi, na pauni 326.70 kwa krauni (kofia ya jino) au meno bandia.

Kinachonikera ni majibu. "Nenda pale, wana AC, kiti kipya, TV juu ya dari." Hayo yote hayakukingi na homa ya ini inayobebwa na vifaa vichafu.

Mikono ya madaktari wetu sina shaka nayo. Aliyesomea Muhimbili au Chuo Kikuu cha Nairobi huenda ameng'oa magego mengi kuliko mwenzake wa huku, ambaye kesi ngumu huzisukumia hospitali. Tofauti iko chumba cha nyuma, pale vifaa vinapooshwa, na kwenye daftari linalojazwa humo.

Mwongozo wa England wa kusafisha vifaa vya meno unaitwa HTM 01-05. Koleo na kioo vikitoka mdomoni huoshwa kwa mashine, au kwa brashi ndani ya maji yasiyozidi nyuzi 45, maana maji ya moto zaidi hugandisha damu kwenye chuma. Vikishasuuzwa hukaguliwa chini ya lenzi yenye taa, ndipo vinaingia otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto: nyuzi 134 hadi 137, kwa dakika zisizopungua 3. Otoklevu yenyewe hupimwa kila siku, na aliyeipima huandika matokeo na kutia saini. Pakiti huandikwa tarehe. Mabomba ya maji ya kiti hutiririshwa dakika 2 asubuhi na jioni, na sekunde 20 hadi 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mkaguzi wa CQC, tume inayokagua huduma za afya England, akija huyataka hayo madaftari, na ripoti yake huwekwa mtandaoni ukaisoma ukiwa kitandani. Kwa hiyo mgonjwa wa huku haulizi kitu, kuna anayemuulizia.

Tusijidanganye lakini. Mwaka 2014 NHS iliwaita wagonjwa wapatao 22,000 wa daktari mmoja wa Nottinghamshire wakapimwe virusi, baada ya picha zilizochukuliwa kwa siri kuonyesha kwamba habadilishi glavu wala vifaa inavyotakiwa.

Nyumbani ziko kliniki zinazofanya yote hayo, tena bila kukuwekea miadi ya miezi. Ila wa kuuliza ni wewe, na lazima ujue cha kuuliza. Anza na umeme. Otoklevu nyingi ndogo hufanya kazi kwa nyuzi 121, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa, na dakika hizo huhesabiwa baada ya joto kufika. Umeme ukikatika dakika ya kumi na nane, hakuna kumalizia mbili zilizobaki; mzigo mzima unaanza upya. Kliniki yenye jenereta inayowasha taa tu, otoklevu ikiachwa isubiri TANESCO, imeshakupa jibu. Halafu maji: ya kisima yenye chumvi huziba vali na kula hita, mashine ikaweza kupiga kengele ya kumaliza bila kufika joto. Inataka maji yaliyochujwa chumvi. Na pakiti iliyotoka imelowa haifai hata kama karatasi ni nzima, maana unyevu huvuta vijidudu kutoka nje.

Ndoo ya Jik nayo inawapoteza wengi. Klorini ya asilimia 0.5, yaani kipimo kimoja cha Jik ya 3.5 kwa sita vya maji, haimalizi kazi hata ukiloweka koleo kutwa. Chuma ndicho kitaliwa. Bado kuna kuosha, kukausha, kufunga na otoklevu.

Dreli ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote. Ikizimwa inaweza kufyonza mate na damu kurudi kwenye mirija yake, na pamba ya spiriti huishia nje. Inapaswa kuoshwa, kutiwa mafuta na kuingia otoklevu baada ya kila mgonjwa. Chukua kliniki yenye dreli mbili na wagonjwa ishirini wa kuchimba kwa siku ya saa nane. Kuosha mpaka kupoa ni kama saa moja. Hesabu imalizie mwenyewe.

Basi sema kwa adabu: "Samahani daktari, naomba pakiti ifunguliwe nikiwa naona." Daktari makini hakasiriki. Angalia tarehe na mistari ya utepe wa kufungia pakiti iliyobadilika rangi, ukijua kwamba utepe unathibitisha pakiti ilipata joto tu, hauthibitishi ilikaa humo kwa muda gani. Ganzi itoke kwenye katriji (kichupa cha dawa) mpya. Iliyobaki kwa mgonjwa aliyetangulia hutupwa, hata kama ni nusu. Jina la daktari litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au ya KMPDC, baraza la madaktari wa tiba na meno, kwa Kenya. Atakayetaka kutibu mzizi bila eksirei ya kabla na ya baada, muage.

La mwisho linawahusu wenye likizo ya wiki mbili. Kipandikizi cha jino, yaani skrubu inayopandwa kwenye taya, kwa kawaida huhitaji miezi mitatu hadi sita kishikamane na mfupa kabla ya kuwekewa jino la kudumu. Anayekuahidi vyote kabla ya ndege yako kuondoka anabahatisha na taya lako. Cha salama ni kugawa safari, na kila unapoondoka uchukue kwenye simu picha za eksirei, aina ya kipandikizi, saizi yake na namba ya toleo iliyo kwenye stika ya boksi. Skrubu ikilegea ukiwa Leicester, daktari wa huku asiyeijua aina hiyo hana bisibisi ya kuikaza.