Kopo la vidonge na siri ya kliniki

Wapo wavuvi wa visiwani wanaoipita zahanati ya kwao, wakapanda boti mpaka Mwanza mjini kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nauli inakwenda na siku ya kazi inapotea. Kabla ya kurudi wanashindilia pamba kwenye kopo, maana vidonge vikicheza ndani ya begi vinatangaza habari boti nzima. Kule zahanati ya kisiwani, anayeandika jina lako daftarini huenda ni shemeji wa jirani yako.

Sasa, muuguzi anayejua mume ana virusi na mke hajui, anyamaze?

Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri ya aliyepimwa. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye virusi amweleze mwenza wake, tena inaruhusu mwenza apewe majibu. Mlango umerudishwa, haukufungwa kwa komeo.

Wanaotaka mlango huo usukumwe wana hoja nzito. Anayelala kitanda kimoja na hatari ana haki ya kuijua. Huko California mwaka 1976, katika kesi ya Tarasoff, mahakama iliamua kwamba mtaalamu wa saikolojia anayetambua mgonjwa wake atamdhuru mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua kumlinda mtu huyo. Siri ikome pale hatari kwa mwingine inapoanzia.

Ila hoja hiyo kila mara humchora mwanamume ndiye anayeficha. Nenda kliniki ya wajawazito uone: mama hupimwa mapema, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye anayejua kwanza. Mumewe akiambiwa na mtu mwingine, mama ataitwa aliyeuleta ugonjwa, na usiku huo anaweza kulala nje na mimba yake. Muuguzi "aliyesema ukweli" hatakuwepo.

Kuna na hili la mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga. Habari ikivuja asubuhi, mchana iko kwenye vichanja vya dagaa. Wavuvi kumi watakaoisikia hawatakwenda kupima, na wake zao hao kumi hakuna aliyewalinda.

Kinachonielemeza upande wa siri ni dawa yenyewe. Anayeimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Kumfanya arudi kliniki kila anapopangiwa kunamlinda mkewe kuliko kumuumbua. (Na tusiwatwishe wauguzi mzigo wote: siri nyingi humwagikia dirishani, jina linapoitwa kwa sauti siku ambayo kila mtu anajua ni ya dawa zipi.)

Anayekataa dawa na kukataa kusema, huyo simtetei. Abembelezwe, apewe siku, aombwe aje na mwenzake wapime pamoja kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Wauguzi wazoefu wanaijua njia hii, na inaokoa ndoa nyingi. Siku zikipita bure, aambiwe usoni kwamba mwenzake ataitwa, kisha aitwe kweli. Asisikie habari hiyo kwa watu.

Yule wa boti, lakini, dawa anameza. Jioni anashuka na begi lisilolia, mkononi kakamata kipande cha nyavu, kwa sababu nyumbani aliaga kwamba anafuata nyavu.