Ali yupi, mjomba? Wa Houston au wa Kinshasa?

Juzi baada ya sala ya isha, kijiweni kwetu kwenye kahawa hapa Chikongola, Mtwara, ubishi wa mabondia Muhammad Ali na Mike Tyson, nani angemshinda mwenzake, uliamka tena. Huamka kila msimu wa korosho, watu wakiwa na visenti mfukoni na hakuna mwenye haraka ya kwenda kulala. Mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini aliapa kwamba Ali angemchapa Tyson hata akipandishwa ulingoni na homa. Vijana wa bodaboda wakamrukia: Tyson raundi moja tu, kwisha kazi!

Mimi nina neno moja kwenye ubishi huu na silichoki. Ukitaka kuwapambanisha mabondia wa zama mbili, nitajie kwanza tarehe. Ali yupi? Wa usiku gani? Bila hapo tunashindanisha majina, na majina hayatoki jasho.

Ali anayeishi vichwani mwa wengi wetu huku kusini ni yule wa Kinshasa. Alipigana na George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, saa 10 alfajiri kwa saa za kule, huku kwetu ikiwa saa 12 asubuhi. Mzee wetu anasimulia kwamba alikuwa mtoto, yuko chini ya mikorosho anaokota na mama yake, jirani mwenye redio akaja mbio shambani akipiga kelele kwamba Foreman kaanguka raundi ya nane. Mama yake akatua kapu na kupiga vigelegele, ingawa hajawahi kuona pambano la ngumi maishani mwake. Mtu aliyeipokea habari namna hiyo huwezi kumpokonya, na mimi sitaki kumpokonya.

Maana ulikuwa muujiza kweli. Januari 1973 Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Machi 1974 akammaliza Ken Norton, pia raundi ya pili. Frazier na Norton wote wawili walikuwa wameshamshinda Ali. Kwa ile hesabu yetu ya kijiweni, fulani kampiga fulani, Ali alikuwa wa kubebwa kwa machela. Lakini wacheza bao wanaijua hali hii: yupo mtu anafunga kijiwe kizima, ila kuna mmoja humfunga kila wakikaa, na huyo mmoja hufungwa na kila mtu. Tangu nilipoielewa Kinshasa, hoja ya fulani kampiga fulani siisikilizi tena.

Sasa tazama alivyoshinda. Alikuwa na miaka 32 na miguu haikuwa ile ya zamani. Raundi ya pili tu akaegemea kamba, akajifunika uso kwa glovu, akamwacha Foreman arushe mpaka mikono imwishe nguvu. Makonde ya Foreman yalikuwa mazito lakini mapana, ya kuzungusha, unayaona yanakuja, mengi yakaishia kwenye mikono na mbavu. Mweke Tyson wa 1988 mahali pale. Tyson harushi konde moja akasimama kuangalia limefika wapi. Anaingia chini kwa chini, mkono wa kulia unatua ubavuni, na mkono uleule unapanda kidevuni kabla hujavuta pumzi. Halafu kuna kushoto kwake. Konde la kushoto la kuzungusha ndilo lililomsumbua Ali tangu ujana: Henry Cooper alimwangusha nalo London mwaka 1963, Frazier akamwangusha nalo raundi ya 15 mwaka 1971. Ali wa Kinshasa akiegemea kamba mbele ya Tyson yule, naamini haioni raundi ya saba. Niliposema hivi mzee alinigeuzia mgongo. Iliniuma, kwa sababu nampenda Ali kama anavyompenda yeye.

Ila yupo Ali mwingine. Tarehe 14 Novemba 1966, Houston, dhidi ya Cleveland Williams, mtu aliyeogopwa kwa konde lake. Ali ana miaka 24, uzito kama kilo 96, urefu sentimeta 191, na anazunguka ulingo kama mwenye uzito mwepesi. Williams anarusha mahali Ali alipokuwa. Akaanguka mara tatu raundi ya pili, mara moja tena raundi ya tatu, mwamuzi akasimamisha. Huyo ndiye wa kumpeleka kwa Tyson wa tarehe 27 Juni 1988, aliyemlaza Michael Spinks kwa sekunde 91. Tyson ana sentimeta 178, lazima afike kifuani kwa mtu ndipo afanye kazi yake, na Ali wa Houston hakai mahali pamoja. Tumeshaona mtu mrefu, mwenye kushoto ndefu na asiye na woga, anamfanya nini Tyson: Buster Douglas, Tokyo, Februari 1990. Douglas aliangushwa raundi ya nane, akainuka, akammaliza Tyson raundi ya kumi. Na Douglas hakuwa na nusu ya kasi ya Ali yule. Kwa hiyo nasema Ali, raundi ya kumi au ya 11, baada ya raundi nne za mwanzo ambazo zingetutoa roho sote.

Nitajie na idadi ya raundi. Siku hizi ubingwa ni raundi 12, zamani zilikuwa 15, na watu hulipita jambo hili kama dogo. Mwaka 1941 Joe Louis alikuwa nyuma kwa pointi dhidi ya Billy Conn, akamwangusha raundi ya 13. Mwaka 1952 Rocky Marciano naye alikuwa nyuma kwa pointi, akamlaza Jersey Joe Walcott raundi hiyohiyo ya 13 na kuuchukua mkanda. Kwa sheria za leo Conn ni bingwa, na yale mapambano 49 ya Marciano bila kupoteza hayapo.

Kuhusu miili mikubwa ya siku hizi, vijana wana hoja nusu. Marciano alipigana na kilo kama 84. Leo asingewekwa uzito wa juu, angewekwa ule wa chini yake, na mbele ya mtu mkubwa kama Lennox Lewis simuoni akimaliza usiku. Lakini Desemba 2024 Tyson Fury, Mwingereza, si Tyson wetu, alipanda na kilo 127, Oleksandr Usyk akiwa na 102 hivi, na Usyk akamshinda kwa mara ya pili. Usyk ana urefu uleule wa Ali.

Linaloniuma zaidi ya ubishi wote ni hili. Aprili 1967 Ali alikataa kwenda jeshini, wakamnyang'anya ubingwa, akarudi ulingoni Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu, kuanzia 25 hadi 28, umri ambao bondia anaiva. Ali bora kuliko wote hakuna aliyemuona, wala mzee wetu, wala vijana wa bodaboda, wala Tyson mwenyewe.

Jana jioni mzee alikuja mapema, kabla watu hawajajaa. Akaniambia, "Mjomba, huyo Ali wako wa Houston mimi simjui. Nionyeshe." Nikaitafuta ile video, nikaiegemeza simu kwenye birika la kahawa, akasogeza kigoda mpaka magoti yakagusa jiko. Hakusema kitu raundi yote ya kwanza. Ya pili, Williams alipoanguka, akaweka kikombe chini taratibu.

"Irudishe," akasema. "Hapo kwenye miguu."