Mkwaruzo Umezibika, Sawa. Ngozi Je?

Ile picha imerudi tena. Kushoto, seli za ngozi zilizokwaruzwa katikati. Kulia, mkwaruzo umezibika. Chini yake kichupa cha krimu kinatabasamu. Eti sayansi imeshathibitisha: ute wa konokono hujenga ngozi upya. Anayeisambaza hata hajiulizi zile seli zilikuwa ndani ya nini.

Tuelewane kwanza. Ute huu si maji matupu, ingawa zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Una musini (protini yenye sukari, ndiyo inayoufanya uvutike), alantoini na asidi ya glaikoliki (molekuli ndogo zinazotumika sana kwenye vipodozi), na protini za aina nyingi. Mwaka 2008 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba ute wa Cryptomphalus aspersa, yule konokono wa bustani mwenye gamba la kahawia, huchochea fibroblasti, seli za ndani ya ngozi zinazotengeneza kolajeni, kuongezeka na una vimeng'enya vinavyozima kemikali kali za oksijeni. Hilo nalipokea. Sikubali tu mtu atoke kwenye kisahani cha maabara na kutua shavuni kwa mruko mmoja.

Jaribio lenyewe la mkwaruzo hufanywa hivi. Seli hukuzwa mpaka zifunike sakafu yote ya kishimo cha kisahani cha maabara, kisha hukwaruzwa mstari mmoja kwa ncha ya pipeti, kijibomba cha kupimia vimiminika, ya mikrolita 200. Unaosha mara mbili kuondoa seli zilizong'oka, unaweka ute uliozimuliwa, unapiga picha mwanzoni, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Rahisi mno, na ndipo balaa linapoanza. Usipochora alama chini ya kishimo, picha ya pili utaipigia sehemu nyingine, na hakuna mkono unaokwaruza upana uleule kuanzia juu hadi chini. Ukiacha asilimia 10 ya seramu ya ndama (maji ya damu yake) kwenye kimiminika cha kukuzia seli, mkwaruzo utazibika hata ukiweka maji ya bomba (natia chumvi, lakini kidogo tu), maana seramu imejaa vichocheo vya ukuaji. Ishushe hadi asilimia 1 au chini zaidi. Halafu kuna swali ambalo wauzaji hawalitaki kabisa: seli zimetembea kuziba pengo, au zimezaana tu? Bila mitomaisini C, dawa ya kusimamisha mgawanyiko wa seli, huwezi kujua. Na mara nyingi seli zenyewe ni HaCaT (keratinositi, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, za kukuzwa maabara), zilizotangazwa mwaka 1988 huko Ujerumani, ambazo hugawanyika bila kuchoka. Keratinositi za mtu mzima hazina bidii hiyo.

Kipimo cha pili kinachotajwa ni MTT, ile poda ya njano ambayo seli hai huigeuza fuwele za zambarau. Unaziyeyusha, unasoma rangi kwenye nanomita 570, na rangi ikikolea unatangaza kuwa seli zimeongezeka. Pole pole! MTT haihesabu seli, hupima shughuli za kikemikali ndani yake. Tena kitu chochote chenye uwezo wa kuzuia oksidesheni (kuharibiwa na kemikali za oksijeni), na ute una sifa hiyo, kinaweza kuigeuza MTT zambarau chenyewe bila seli hata moja. Dawa yake ni vishimo vitatu vya ziada vyenye ute na MTT bila seli, kisha utoe rangi hiyo kwenye matokeo. Kazi ya dakika 5. Ripoti isiyotaja vishimo hivyo naifunga hapo hapo.

Tena, ute upi? Ule wa kutelezea si sawa na lile povu analotoa konokono akichokozwa. Wengine humkamua kwa maji ya chumvi, na chumvi hiyo isipoondolewa, seli zilizozoea miliosmoli 290 hivi (kipimo cha wingi wa chumvi na vilivyoyeyuka) hunywea. Asidi ya glaikoliki nayo hushusha pH, kipimo cha ukali wa asidi; kimiminika chenye rangi ya kionyeshi kikigeuka kutoka waridi kuwa njano, usishangae seli zinakufa. Rudisha pH hadi 7.4 kwanza, ndipo uulaumu au kuusifu ute. Hata kuchuja kuna mtego: musini huziba kichujio cha mikromita 0.22, basi kinachopita upande wa pili ni ute uliopungukiwa na kile hasa kinachoufanya uvutike. Kwa chumvi na asidi hizo, dozi ndogo inaweza kuchochea seli na dozi kubwa ikaziua.

Sasa njoo usoni. Seli za kisahani ziko uchi, zinaogelea ndani ya ute. Zako zimejificha chini ya tabaka 15 hadi 20 za seli zilizokufa, na ile kanuni iliyopendekezwa mwaka 2000 inasema molekuli iliyozidi dalton 500 (kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya kwa shida sana. Alantoini ina 158, asidi ya glaikoliki 76, hizo zitapita. Musini ina malaki, pengine mamilioni. Itabaki juu, ishike unyevu, ngozi ionekane laini. Ni faida, haya, lakini fibroblasti zako hazijapata habari.

Kuhusu dai kwamba ute hutibu saratani: kuona seli za melanoma, saratani ya ngozi, zikipungua kishimoni si tiba, chumvi nayo hufanya hivyo. Kuhusu dai kwamba huua bakteria: akasini, protini ya ute wa konokono mkubwa Achatina fulica, huua kweli, kwa kutengeneza haidrojeni peroksaidi. Na wewe unayemtembeza konokono mbichi usoni, huyohuyo Achatina hubeba mabuu ya Angiostrongylus cantonensis, mnyoo wa mapafu ya panya ambao kwa binadamu huishia kwenye ubongo. Mrudishe bustanini, unawe kwa sabuni.

Wenye ile picha nao, wailete nzima: kishimo kisicho na ute, kishimo chenye chumvi na pH ileile bila ute, na kiwango cha seramu kimeandikwa pembeni.