Mikoko ya Tudor na hii kazi ya kupima DNA

Juzi Mikindani, kando ya hori ya Tudor hapa Mombasa, nimesikia tena yale maneno, ati pesa za kutengeneza alama za DNA za mikoko, yaani vipande vya DNA vya kutambulia mti na nduguze, ni za kupotea bure, bora zilipe akina mama wanaopanda. Na hoja ina uzito. Dawa za maabara huagizwa nje kwa dola, zataka friza na stima yetu mwaijua, tena alama zilotengenezewa mmea mmoja mara nyingi zagoma kwa mwengine. Na DNA haimzuii mwenye panga usiku.

Lakini hebu angalieni mbegu zaokotwa vipi. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu kwa mamake, inaanguka tayari ndefu kama mkono, basi anayeokota anainama chini ya miti miwili mitatu ilo karibu na njia, anajaza gunia, kamaliza. Na ua la mkoko laweza kujichavusha lenyewe, kwa hivyo waweza kupanda ekari nzima ya watoto wa mama mmoja ambaye ndo baba pia! Kwa macho yapendeza, kijani kitupu, lakini ukija ugonjwa, au matope kama yale ya El Niño ya 1997-98 yaliyoua mikoko hori ya Mwache, karibu na Mombasa, wote udhaifu wao ni mmoja.

Undugu huo jicho haliuoni. Alama zinazotumika sana ni vipande vya DNA ambapo herufi chache zajirudia, CACACA, tuseme mara 12 kwa mti huu, 17 kwa ule, na kila mti una nakala mbili, ya mama na ya baba. Pichavaram, India, kulikuwa na mkoko chotara, wataalamu wakautajia wazazi kwa sura, R. apiculata na R. stylosa (hiyo R. ni Rhizophora, jina la kitaalamu la jamii ya mkoko). Miaka ya 1990 DNA ikaonyesha huyo wa pili ni R. mucronata, mkoko huu huu wetu. Hapa kwetu jamii hiyo ina aina moja tu, uchotara si shida yetu, shida ni undugu.

Na majani hayataki friza, yakaushe kwa silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani ya bahasha. Miti 30 Tudor, 30 hori ya Port Reitz, 30 Gazi kule kusini, ulinganishe DNA zao, halafu ndo uwaambie akina mama wavuke kuokota wapi, na hapo gharama ni nauli ya kidau.