Waja leo waondoka leo, homa yaja mwezi ujao

Mpwa wangu alikaa kwetu Ngamiani, hapa Tanga, wiki tatu za Desemba, na hakuna sahani iliyompita. Pweza wa jioni na supu yake, kachumbari, juisi ya miwa yenye barafu, maembe ya kumenywa barabarani na kunyunyiziwa pilipili. Ana miaka 19, kazaliwa Birmingham, na vyakula hivyo alikuwa akisimuliwa na mama yake tangu mdogo. Akaondoka mzima, kanenepa, bi mkubwa anajisifu mtaa mzima.

Mwisho wa Januari dada akapiga simu. Macho ya mtoto yamekuwa manjano, mkojo kama chai ya rangi, chakula hataki hata kukinusa. "Mmemlisha nini mwanangu?" Swali hilo lilituudhi sana, maana binamu zake walikula naye sahani moja na hakuna aliyelalamika hata tumbo.

Ilikuwa homa ya ini A. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, lakini virusi hivi mgeni huondoka navyo, vikakaa kimya mwilini siku 15 hadi 50 kabla ya kujionyesha.

Dada akashangaa: mbona yeye kazini, anakotunza wazee, alichanjwa homa ya ini? Alichanjwa ya B, inayopita kwenye damu na majimaji ya mwili. Hii A huingia kwa mdomo, kutoka kinyesi cha mgonjwa kupitia mkono, maji au chakula, na chanjo ya moja haikingi nyingine. Kaka mkubwa naye akashikilia kuwa ni homa ya manjano, akauliza iko wapi ile kadi ya njano ya uwanja wa ndege. Homa ya manjano huletwa na mbu, kaka. Zimefanana rangi tu.

Na binamu je? Virusi hivi vikimpata mtoto wa chini ya miaka sita, mara nyingi hata macho hayabadiliki. Mama hudhani anaharisha kwa sababu ya meno. Kisha mwili unabaki na kinga maisha yote. Wengi wetu wa Ngamiani tulichanjwa hivyo, kwa vidole vyetu wenyewe, bila sindano wala foleni. Anayekutana navyo ukubwani ndiye anayelala wiki kadhaa, na dawa ya kuviua hakuna. Ni kupumzika na kungoja ini litulie. Mara chache sana ini hushindwa kabisa.

Kwa hiyo mtalii anayepita kwenda Pangani simhofii sana. Yule keshapita kliniki ya wasafiri, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Ninayemhofia ni mtoto wetu anayekuja "nyumbani". Nani huchanjwa ili akamwone bibi yake? Dada aliulizia vidonge vya malaria, basi. Na kinachoniuma zaidi, kule Uingereza msafiri hupewa chanjo hii bure na huduma ya afya ya taifa. Sindano moja begani, vizuri iwe wiki mbili kabla ya safari, ingawa hata ukikumbuka siku ya mwisho bado inafaa. Ya pili hufuata baada ya miezi 6 hadi 12, na kinga ikadumu zaidi ya miaka 20.

Bi mkubwa alinuna nilipoyasema haya, kana kwamba nimemwambia nyumba yake chafu. Nyumba yake inang'aa, lakini mikono ya muuza miwa haioshi yeye. Nimeweka sabuni pale kwenye bomba la uani. Nayo anaitazama kwa jicho la pembeni.

Juni anakuja binti, mdogo wake yule kijana. Nimempigia dada mara tatu kumkumbusha, hadi akanikaripia. Jana katuma picha ya bega lenye plasta, chini yake kaandika: "Mwambie mama aanze kutafuta pweza."